Irving, Mji wa Kungojea Kadi

Watu wa nyumbani wakisikia Texas hufikiria ng'ombe, kofia pana na visima vya mafuta. Sisi tumeishi Irving, katika jimbo hilo hilo, tangu Januari 2019, na ng'ombe tuliowaona wanahesabika. Tuliowaona kwa wingi ni watu wanaongoja.

Irving uko kati ya Dallas na Fort Worth. Sehemu ya uwanja mkubwa wa ndege unaohudumia miji hiyo miwili imo ndani ya mipaka yake, kwa hiyo mchana kutwa ndege hupita juu ya mapaa yetu, na watoto wamejifunza kuzitambua kwa rangi za mikia. Hesabu ya watu ya mwaka 2020 ilikuta wakazi zaidi ya 256,000. Hakuna bahari wala mlima. Nchi ni tambarare, barabara ni pana, na mtu asiye na gari hapa ni kama mtu asiye na miguu. Mwezi wa Julai na Agosti joto hupita nyuzi 38, na hata sisi tuliotoka Voi tulisalimu amri tukafunga madirisha. Machi inapoisha, kando ya barabara huchanua maua ya buluu, na kila mama huwavalisha watoto nguo nzuri akawaketisha katikati yake wapigwe picha. Sisi tunazo za miaka sita mfululizo, na ukizipanga mezani utaona suruali zikifupika.

Mgeni akija humpeleka kwanza Las Colinas, upande wa maofisi marefu. Pale, katika uwanja wa Williams Square, wapo farasi tisa wa shaba nyeusi wanaokimbia kuvuka kijito, wakubwa kuliko farasi halisi, na maji yanaruka chini ya kwato zao. Wageni wetu kutoka Kenya hufurahi wakiambiwa kwamba aliyewachonga, Robert Glen, alizaliwa kwetu Kenya na baadaye akaishi Tanzania. Kazi hiyo aliagizwa mwaka 1976, na farasi wakawekwa mahali pao mwaka 1984. Miaka minane. Jirani yetu mmoja Mhindi alipoambiwa hivyo alicheka: "Minane tu? Wamebahatika."

Sisi tunakaa Valley Ranch, kaskazini mwa mji, penye nyumba za kupanga za ghorofa mbili tatu na mifereji ya maji inayopita katikati. Katika ngazi yetu kuna milango kumi. Saba ni ya familia kutoka India. Jua likipungua, akina mama hutoka kutembea kando ya mifereji, wawili wawili, watatu watatu, wengine wamevaa sari na raba chini yake. Wanatembea kwa kasi na kuongea kwa kasi. Mwanzoni hatukuelewa kwa nini karibu na katikati ya kila mwezi waliulizana neno moja tu: "Imetoka?"

Inayotoka ni taarifa ya viza, ambayo Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani huitangaza kila mwezi. Ni ukurasa mkavu wa safu na tarehe. Lakini tumewaona wanawake wenye shahada mbili wakisimama jua kali katikati ya njia, simu mkononi, wakiusoma kama mtu anayesoma matokeo ya mtihani wa mwanawe.

Tueleze kidogo, maana nyumbani watu huchanganya jambo hili na bahati nasibu ya viza, ambayo ni kitu kingine kabisa. Kampuni ya Marekani ikitaka mtaalamu kutoka nje, mara nyingi humletea viza ya kazi iitwayo H-1B. Viza hizo mpya zina kikomo cha 85,000 kwa mwaka kwa makampuni ya kawaida, na waombaji wakizidi hupigiwa kura. (Septemba 2025 Rais Donald Trump alitoa tangazo la kutoza dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje ya nchi, kwa hiyo njia tuliyopitia sisi imebadilika sana.) Viza hiyo ni ya muda. Anayetaka kukaa daima anahitaji kadi ya ukaazi wa kudumu, ile watu waiitayo kadi ya kijani, na safari yake ina hatua tatu. Kwanza mwajiri huiambia Wizara ya Kazi kwamba ametangaza nafasi ile akakosa Mmarekani anayefaa. Siku karatasi hiyo inapopokelewa ndiyo siku yako ya kuingia kwenye foleni, na utaikumbuka kuliko siku ya kuzaliwa. Pili, mwajiri huyo huyo hukuombea idara ya uhamiaji. Tatu, foleni ikifika tarehe yako, ndipo wewe, mwenzi wako na watoto mnaomba kadi yenyewe.

Sasa foleni. Sheria ya mwaka 1990 ilitenga kadi 140,000 kwa mwaka kwa wanaokuja kwa njia ya kazi, na ndani ya idadi hiyo wanahesabiwa wake, waume na watoto. Halafu hakuna nchi moja inayoruhusiwa kupita asilimia saba. Kwa maneno mengine, India yenye watu zaidi ya bilioni moja na visiwa vya Komoro vina kikomo kile kile. Katika kundi la wenye shahada za juu, fungu la kawaida la India ni kadi kama 2,800 kwa mwaka, labda na mabaki ya wengine yakipatikana. Mwaka 2023 Taasisi ya Cato ilikadiria kwamba maombi yaliyokwama kwa njia ya kazi yalikuwa milioni 1.8, na zaidi ya milioni moja yalikuwa ya Wahindi. Tena hawaangalii uraia wako wala ulikosomea. Wanaangalia ulipozaliwa.

Baba wa nyumba hii ni mtaalamu wa programu za kompyuta. Alianza kazi hapa Oktoba 2018, nasi tukamfuata baada ya Krismasi. Mwajiri alianza karatasi baada ya miaka kadhaa, na tarehe yetu ya foleni ikawa Machi 2022. Jirani wa ghorofa ya juu, ambaye mumewe anafanya kazi ya aina hiyo hiyo, ana tarehe ya Machi 2015. Sisi tulizaliwa Kenya, wao Hyderabad. Kufikia mwaka 2024 sisi foleni ilikuwa imeshatupita, nao ukurasa ule ulikuwa bado unawashughulikia Wahindi wa mwaka 2012.

Kilichowaumiza zaidi ni mwaka 2022. Kwa sababu ya ugonjwa wa korona, kadi nyingi za njia ya ndugu zilikuwa hazikutumika, zikahamia upande wa kazi, na fungu la mwaka likapita 280,000. Foleni ya India ikakimbia. Ilipofika Septemba ilikuwa imefika Desemba mosi 2014. Jirani yetu alikuwa amebakiza miezi mitatu na siku chache. Alianza kupima pazia za nyumba ambayo hawajainunua. Akatuonyesha faili la picha za pasipoti, vyeti vya chanjo, kila kitu kimepangwa kwenye bahasha za rangi. Oktoba ukurasa ukatoka: foleni ya India imerudi nyuma hadi Aprili 2012. Desemba ikarudi tena hadi Oktoba 2011. Sisi hatukujua kwamba foleni inaweza kurudi nyuma. Kwetu mtu akishafika mbele ya kaunta ya posta, hata wafunge saa saba kwa chakula, atakuta nafasi yake pale pale.

Hakulia mbele yetu. Alishuka na bakuli la bajia akasema amekaanga nyingi mno.

Tukiwa kwenye bajia, duka lililotufanya tuipende Irving ni duka la Wahindi. Miezi ya kwanza tulihangaika kutafuta unga wa wimbi wa uji wa mtoto. Maduka makubwa ya Wamarekani hayana. Siku moja tukaingia duka la Kihindi kununua pilipili manga, na kwenye rafu ya chini tukaona mifuko ya unga wa hudhurungi imeandikwa "ragi". Mama wa nyumba alifungua kona akanusa: wimbi! Kando yake mbaazi, choroko, dengu, bamia, mihogo iliyogandishwa. Achari na chapati hatukuhitaji kutafsiriwa, maana majina hayo yalivuka bahari kuja kwetu zamani. Unga wa sembe tuliupata kwingine, na majani yanayofanana na sukuma wiki yako kila mahali, lakini uji wa watoto wetu umetoka kwenye rafu ile.

Dukani humo ndimo tulimokutana na dada wa Mombasa. Tulikuwa tukimkemea mtoto aache kubonyeza mapapai, mara sauti nyuma yetu: "Mwatoka wapi nyie?" Tukageuka, tukamwona mwanamke wa Kigujarati mwenye toroli limejaa. Tukamwambia Voi. "Voi! Basi si jirani zangu hao!" Tulisimama pale hata barafu ya mihogo ikaanza kuyeyuka.

Yeye alizaliwa Mombasa, akaolewa na mtu wa Gujarat. Mume aliingia foleni ya India mwaka 2016. Kwa miaka miwili hakuna aliyemwuliza mke amezaliwa wapi, hadi walipobadilisha kampuni na wakili mpya akauliza. Sheria inaruhusu mume na mke watumie nchi ya kuzaliwa ya mmoja wao, ile yenye foleni fupi. Akamwandikia kaka yake aende kwa msajili Mombasa akachukue nakala ya cheti cha kuzaliwa. Karatasi hiyo moja iliwahamisha wote wawili kutoka foleni ya India kwenda ya Kenya, na mwaka 2019 wakapata kadi. "Mahari yangu waliiona ndogo," alituambia, "leo mkwe wangu akinipigia simu huanza kwa kunishukuru." Tunaliandika hili kwa sababu akina mama wengi huacha karatasi ziwe za baba. Ulizaliwa wapi, ulisajiliwa lini, jina lako limeandikwaje: hayo yanaweza kuwa na uzito kuliko shahada ya mumeo.

Upande wa mke una ugumu wake. Mama wa nyumba hii alikuwa mhasibu Mombasa kwa miaka tisa. Alipokuja kwa viza ya mke wa mfanyakazi, H-4, hakuruhusiwa kuajiriwa hata siku moja. Tangu Mei 2015 mwenzi anaweza kuomba kibali cha kazi, lakini mpaka ile hatua ya pili ya mwenye viza iwe imekubaliwa, na kwetu haikukubaliwa hadi katikati ya 2023. Miaka minne na zaidi. Katika miaka hiyo alijifunza kuendesha gari upande wa kulia wa barabara, akasoma vitabu vya maktaba ya mji, akawafundisha watoto wa majirani hesabu bila malipo. Lililomsumbua halikuwa fedha peke yake. Kila fomu ya shule ina mahali pa kuandika kazi ya mama, naye alikaa akiitazama nafasi ile. Kati ya akina mama wa mferejini yupo daktari wa meno, yupo mwanasheria, wapo walimu watatu. Mwanamke akiwa hivyo, mume naye akiogopa kubadilisha kazi asije akaharibu karatasi, mazungumzo ya mezani hubana. Wenye ndoa mnaelewa. Ilitubidi tuweke kanuni nyumbani kwamba neno "kadi" halitajwi baada ya chakula cha jioni. Ilivunjwa mara nyingi, lakini ilikuwepo.

Jambo la ajabu ni kwamba makaratasi haya hayako mbali. Kituo cha Texas cha idara ya uhamiaji, kimojawapo cha vituo vya nchi vinavyoshughulikia maombi kama yetu, kiko hapa hapa Irving, Barabara ya Belt Line, na ofisi ya mahojiano ya eneo la Dallas nayo imo katika mji huu. Tukienda kwa daktari wa meno tunapita karibu. Ni jengo la kawaida, lina maegesho na bendera. Mdogo wetu aliwahi kuuliza kwa nini tusishuke tukaulize. Tukamweleza kwamba mambo hayaendi hivyo, naye akaona hatuna bidii.

Juni 2024 bibi yao watoto, mama mzaa baba, alifariki Voi. Aliugua siku nne tu. Kila Jumapili kwenye simu alikuwa akituuliza, "Mnakuja lini, wanangu?" nasi tukamjibu, "Karatasi zikiwa tayari, mama." Maombi yetu ya hatua ya tatu yalikuwa ndani tangu Oktoba 2023. Baba wa nyumba angeweza kuondoka kwa viza yake ya kazi bila kuvunja ombi, lakini ile iliyobandikwa kwenye pasipoti ilikuwa imekwisha muda. Angelazimika kubandikiwa nyingine ubalozini ndipo arudi, na kazi ambayo ndiyo msingi wa ombi zima haingemngoja bila kikomo. Kipo pia kibali cha dharura cha kusafiria, nacho huombwa kwa vyeti na miadi. Tulihesabu siku kwenye vidole. Cheti, miadi, safari ya zaidi ya saa ishirini. Mazishi yalikuwa Jumamosi.

Saa nne asubuhi Voi ni saa nane usiku Irving. Tuliwaamsha watoto, tukawasha simu tukaiegemeza kwenye kopo la majani ya chai. Picha ilikatika mara kwa mara: tukaona hema, tukaona migongo, tukasikia pambio la akina mama wa kanisa ambalo mama mwenyewe alikuwa akilianzisha. Nani aliwaambia majirani hatujui, ila saa nane na nusu mlango uligongwa taratibu. Alikuwa yule wa ghorofa ya juu na mumewe, wamekuja na birika la chai. Hawajui Kiswahili, na dini yao si yetu. Waliketi sakafuni pamoja nasi mpaka udongo ulipofukiwa. Baadaye akatuambia kwamba baba yake alizikwa kwenye simu vivyo hivyo mwaka 2020, ila kwao ni moto. Baba wa nyumba, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu habari ifike, alilia hapo.

Kwa msomaji ambaye mumewe au yeye mwenyewe ameanza kuitwa na kampuni za huko, tungependa kusema machache tuliyoyaona. Gharama za ile hatua ya kwanza, pamoja na wakili wake, kwa sheria ni za mwajiri. Akikuambia uzilipe wewe, uliza maswali. Anayekuahidi kukupunguzia foleni hii kwa fedha anakuibia. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto mapema na uhakikishe majina yanalingana. Na hesabu miaka ya mtoto mkubwa kabla ya kuhesabu mshahara, kwa maana mtoto akitimiza miaka 21 hutoka kwenye karatasi za wazazi. Sheria ya mwaka 2002 humpunguzia umri kidogo kwa muda ambao maombi yalikaa ofisini, lakini kwa foleni ya Wahindi punguzo hilo halitoshi.

Kijana wa jirani yetu alizaliwa Agosti 2006. Aliletwa hapa akiwa na miaka mitano, na Kitelugu chake, mama yake anasema, ni cha mtu aliyeweka kokoto mdomoni. Dada yake aliyezaliwa hapa mwaka 2013 ni raia. Yeye siyo. Sasa yuko chuo kikuu Arlington, anasomea uhandisi, na Agosti 2027 atafikisha miaka 21. Wakati huo itambidi ashike viza ya mwanafunzi wa kigeni katika mji aliojifunzia kuendesha baiskeli, ama aende India, ambako hana rafiki hata mmoja. Mama yake amekwisha kuanza kuulizia fomu.

Kadi zetu zilikuja Februari 2025, katika bahasha nne za kawaida, katikati ya matangazo ya pizza. Tulikaa nazo siku mbili bila kumwambia mtu mlangoni petu. Jioni ya tatu tukapika pilau, tukapanda juu na sufuria. Alizichukua zote nne akazipanga mezani kama karata, akasoma tarehe ya kila moja. "Hata si kijani sana," akasema. Akacheka, akatukumbatia mmoja mmoja, akaenda jikoni kutafuta sahani. Alikaa huko kuliko sahani zinavyohitaji.

Tulipokuwa tukila, kijana akauliza kama sasa tutahama, maana wengi wakipata kadi hununua nyumba Frisco au mbali zaidi. Tukamwambia bado hatujaamua, mkataba wa nyumba yetu unaisha Agosti.